Robert Byrd: Seneta aliyehudumu kwa miaka 51

ROBERT Carlyle Byrd aliwakilisha jimbo la West Virginia katika Seneti ya Marekani kuanzia Januari 1959 hadi alipofariki Juni 28, 2010, akiwa na umri wa miaka 92. Hakuna seneta mwingine aliyewahi kuhudumu kwa muda mrefu kiasi hicho.

Alizaliwa Novemba 20, 1917, katika jimbo la North Carolina, na kupewa jina Cornelius Calvin Sale. Mamake alipofariki 1918 kutokana na homa iliyotikisa dunia, alichukuliwa na shangazi yake, ambaye mumewe alikuwa mchimba makaa ya mawe. Hao ndio waliompa jina la Byrd.

Kabla ya kuingia katika siasa aliuza nyama na kuchomelea vyuma katika viwanda vya meli. Alichaguliwa katika bunge la jimbo 1946 na Bunge la Wawakilishi 1952. Akiwa mbunge alisomea sheria usiku kwa miaka kumi, akahitimu 1963.

Hata hivyo, sifa zake zina doa. Katika miaka ya 1940 alijiunga na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililoeneza chuki na kuwahangaisha watu weusi. Mnamo Juni 1964 alihutubia Seneti kwa zaidi ya saa 14 mfululizo akijaribu kuukwamisha mswada wa haki za raia. Mswada huo ulipita licha ya juhudi zake. Baadaye alikiri kosa lake na kuomba radhi mara nyingi.

Alikuwa kiongozi wa wengi katika Seneti 1977-1981 na 1987-1989. Akiwa mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya fedha, alielekeza mabilioni ya dola katika jimbo lake maskini. Wakosoaji waliita huo ubadhirifu, lakini wakazi waliona barabara. Mnamo 2002 alipinga vita vya Iraq, akisisitiza kuwa mamlaka ya kutangaza vita ni ya Bunge.

Mei 2008, siku chache baada ya wapigakura wa chama cha Democratic jimboni mwake kumchagua Hillary Clinton, Byrd alitangaza kumuunga mkono Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya. Miaka miwili baadaye, Rais Obama alisimama mjini Charleston kumuaga mzee huyo.