Reale Iliyogeuka Furungu

Mtawala Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yenye sura yake haikukoma kutengenezwa. Hata katika karne ya 20 ilikuwa bado ikipigwa chapa Vienna, Roma, London na Bombay, na kila moja iliandikwa mwaka ule ule wa 1780. Ilivuka Bahari ya Shamu, ikaenea Uarabuni, ikateremka Lamu, Mombasa na Unguja, ambako watu waliiita reale. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 833 kati ya 1,000 zilikuwa fedha halisi. Mfanyabiashara aliiamini kwa sababu kiwango hicho hakikubadilika. Sonara aliiyeyusha kwa sababu hiyo hiyo.

Motoni humo yalizaliwa mafurungu ya miguuni na vikuku, mikufu, visanduku vya hirizi, na vijaluba vya tambuu. Chombo kizuri kuliko vyote ni mrashi: tumbo la duara, shingo ndefu nyembamba na kichwa chenye vitundu, wa kuwanyunyizia wageni marashi siku ya harusi au maulidi. Mrashi haukuwa pambo la kutazamwa tu. Ulipita mkono kwa mkono, na mgeni akatoka ananukia.

Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka ukutani, mahali pa kupanga bakuli na sahani za Kichina. Salme binti Said, bintiye Sultani Seyyid Said wa Unguja, aliyejulikana Ulaya kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi kuta za matajiri wa Unguja zilivyopangwa vyombo vya kaure na vya kioo.

Kaure ilibahatika, kwani bakuli lililovunjika halirudi kuwa pesa. Furungu linarudi. Mwenyewe akifariki, warithi waliliweka kwenye mizani, nalo likaingia tena motoni. Dhahabu iliposhika nafasi ya fedha masikioni na mikononi mwa maharusi, kasi ya kuyeyusha ikaongezeka.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kijisanduku cha fedha cha Birmingham, Uingereza, ambako ofisi ya kupima madini hayo ilianza kazi mwaka 1773, kina chapa ya nanga, herufi ya mwaka na alama ya fundi. Mnunuzi hahitaji kumwuliza mtu. Kikuku cha pwani kwa kawaida hakina chapa ya namna hiyo. Aliyekifua na aliyekivaa wamo katika kumbukumbu za ukoo tu, na kikiuzwa kimyakimya dukani, habari hizo hupotea siku hiyo hiyo.

Masonara wa Lamu siku hizi hupachika vigae vya kaure kuukuu kwenye pete za fedha. Ni ubunifu wa kupongezwa, maadamu vigae vimeokotwa ufukweni. Kubandua bakuli zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale ni wizi, na Kenya ina sheria ya mwaka 2006 inayolinda malikale na kudhibiti usafirishaji wake nje ya nchi.

Basi, wenye mafurungu na mirashi ya mabibi zenu, msikimbilie mizani. Vipigeni picha, andikeni vilikuwa vya nani na vilivaliwa au kutumiwa lini, kisha waulizeni watu wa makumbusho iliyo karibu nanyi. Mkiamua kuuza baada ya hapo, angalau historia yake itakuwa imebaki nyumbani.