9 Mei si ya Billy Joel peke yake

Wasee, wacha nianze na kosa langu.

Kila asubuhi huwa naweka posti ya "Leo katika historia". Kazi si ngumu. Unatafuta tarehe kwa simu, unapata orodha ndefu, unachagua vitu vitano, umemaliza kabla chai ipoe. Tarehe 9 Mei nilifanya hivyo hivyo. Nikaweka Billy Joel, mwimbaji wa Marekani, aliyezaliwa 1949. Ghostface Killah wa Wu-Tang Clan, 1970. Rosario Dawson, yule mwigizaji, 1979. Halafu ili isionekane nimeitupa Afrika, nikaongeza Mandela: 9 Mei 1994 bunge jipya la Afrika Kusini lilimchagua kuwa rais pale Cape Town, akaapishwa kesho yake Pretoria. Laiki zikaanza kuingia. Nikajiona msomi.

Saa nne hivi, jamaa tuliyesoma naye sekondari akanitumia meseji ya maneno mawili: "Na Solai?"

Manze, niliishiwa nguvu. Mimi ni mtoto wa Nakuru. Solai iko hapo tu, nyuma ya Menengai. Na ule usiku naukumbuka vizuri, simu za watu wazima zikilia bila kukoma. Ni tarehe tu ndiyo ilikuwa imenitoka.

Kwa wale walikuwa wadogo: ilikuwa Jumatano, 9 Mei 2018. Mvua ilikuwa imenyesha wiki baada ya wiki. Juu ya vijiji vya Solai kulikuwa na bwawa la shamba la kibinafsi, na mwendo wa saa mbili usiku, watu wakiwa mezani ama wanajiandaa kulala, ukingo wake ukapasuka. Maji yakashuka na matope, mawe na miti, yakapita juu ya nyumba kule Energy na Nyakinyua. Watu 48 walikufa, wengi wao akina mama na watoto. Seneti ikaunda kamati. Kesi ya kuua bila kukusudia ikafunguliwa Naivasha mwaka huo huo, hakimu akaitupa Februari 2020, kisha Mahakama Kuu ikaamuru irudi. Mambo ya korti nitayaachia hapo, maana nikianza sitamaliza.

Sasa huyo jamaa yangu kwao ni huko, upande wa juu ambako maji hayakufika. Nilimpigia simu kuomba msamaha. Akaniambia kitu sikuwa najua: dadake mdogo alizaliwa 9 Mei. Usiku ule alikuwa anafikisha miaka minane. Walikuwa wamenunua keki ya duka na soda, na mgeni mmoja waliyekuwa wakimngoja, mtoto wa jirani wa kule chini, hakufika. Tangu mwaka huo keki hukatwa tarehe 8. Tarehe 9 mama yao huwasha mshumaa dirishani na hakuna mtu anasema "hepi bathdei". Dada mwenyewe ndiye aliomba iwe hivyo.

Najua kuna mtu atakomenti ati posti za bathdei ni za kufurahisha watu, mbona nalete matanga. Sawa, lakini huyo msichana ana vyote viwili kwa siku moja na hakuchagua. Mimi nilichagua, na nikachagua Billy Joel. Sina shida na mzee huyo, nyimbo zake ni poa.

Na si lazima mtu akose tarehe hivi. Angalia Ghana. 9 Mei 2001, nayo ilikuwa Jumatano, Hearts of Oak walicheza na Asante Kotoko pale Accra. Fujo ikaanza jukwaani, polisi wakarusha vitoa machozi, watu wakakimbilia milango na milango haikufunguka. Zaidi ya 120 walikufa. Leo nje ya uwanja kuna sanamu ya shabiki amembeba mwenzake, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika kuwakumbuka.

Sisi je? Shosho wangu, kwa kitambulisho, alizaliwa 1 Januari, kama wazee wengi wa rika lake. Karani alihitaji tarehe, akaandika ile rahisi. Lakini shosho husimulia alivyoambiwa na mamake, aliyekuwa kibarua kwa shamba la mzungu Subukia, kuhusu usiku ambao ardhi ilitetemeka hadi ng'ombe wakavunja boma. Mwaka haujui. Nilienda kuutafuta: 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya. Ufa wake ulikimbia kama kilomita 38 chini ya miinuko ya Laikipia. Na usiku huo huo, kule London, mto Thames ulifurika na kuua watu 14. Kwa orodha zote nilizofungua za 6 Januari, Thames iko. Rowan Atkinson, yaani Mr Bean, yuko pia, 1955. Subukia sikuiona hata moja.

Nilipomwambia shosho tarehe, aliuliza ilikuwa siku gani ya wiki. Ijumaa, nikamwambia. Akatingisha kichwa: "Mama alisema ilikuwa karibu na Jumapili."

Posti ya 9 Mei nimeirekebisha. Solai iko juu, wengine wanafuata. Kama una tarehe ya huku kwetu, Molo, Njoro, Gilgil, Naivasha, popote, iweke hapo chini. Lakini uje na mwaka, na kama unaweza, uulize kwanza mtu aliyekuwepo.