Kutoka Shingoni Hadi Machoni

Kukhu yangu anaishi Mukumu, karibu na kanisa la misheni, upande ule ukishuka matatu ya Kisumu–Kakamega unasikia kengele kabla hujaona paa. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati. Ndani yake mna vyeti vya ubatizo vya watoto wake, picha za harusi zilizoliwa na unyevu, na kikopo bapa cha chuma chenye matundu ya kupitishia kamba. Kilikuwa cha baba yake. Alikivaa shingoni miaka ya 1930, wakati Wazungu walipomiminika Kakamega kutafuta dhahabu na vijana wa hapa wakawa vibarua migodini.

"Kama mbuzi aliyevishwa njuga," kukhu husema.

Nilikikumbuka kikopo hicho mwishoni mwa Julai 2023, binamu yangu aliponipigia simu kutoka Nairobi. "Buda, kuja huku KICC. Unaangalia tu kwa kampira fulani hivi, unapata kama elfu saba. Hulipi kitu." Nusura nipande gari. Kilichonizuia ni nauli, wala si hekima.

Tuanze na kikopo. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa Kenya mwaka 1915, lakini vita vikaichelewesha. Ilianza kutekelezwa mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: jina, kabila, alama za vidole, kazi aliyofanya, mshahara aliolipwa. Bwana asipotia sahihi kwamba amekuachilia, hupati kazi kwingine. Ukitoroka shamba la mlowezi, rekodi zinakufuata hadi kwenu. Mwaka 1921 chama cha Young Kavirondo, cha watu wa upande wetu huu wa magharibi, kilitaka kipande kiondolewe. Harry Thuku alipinga hayo hayo Nairobi. Alipokamatwa Machi 1922, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kudai aachiliwe. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni hadi miaka ya 1940.

Kuna jambo moja ambalo shuleni hatukuambiwa. Mbinu ya kupanga alama za vidole haikubuniwa Nairobi. Ilikomazwa Bengal, India, chini ya afisa wa polisi Edward Henry, kwa akili na jasho la Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mwaka 1901 ilifika Scotland Yard, London. Baadaye ikatua kwenye vidole vya baba yake kukhu. Kwa maneno mengine, serikali zilijua kushirikiana kuvuka mipaka zamani sana, lakini zilishirikiana katika kuchukua. Ushirikiano wa kulinda ulichelewa mno.

Huo wa kulinda ulianza kwa wengine. Mwaka 1979 makamishna wa faragha walikutana Bonn, Ujerumani, katika mkutano wao wa kwanza wa kimataifa. Mwaka 1981 Baraza la Ulaya likafungua mkataba wa kulinda data za watu. Afrika ilipitisha wake Malabo mwaka 2014, na miaka miwili baadaye ukaundwa mtandao wa mamlaka za Afrika za kulinda data. Kenya yenyewe iliandika haki ya faragha katika Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data Novemba 2019, na kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, mwaka 2020. Mkataba wa Malabo ulianza kufanya kazi tarehe 8 Juni 2023, baada ya nchi 15 kuuridhia. Rwanda ilikuwamo. Kenya haikuwamo.

Wiki chache baadaye, foleni ya KICC ikazunguka jengo.

Mradi ule, Worldcoin, ulipiga picha mboni za macho na kulipa kwa sarafu ya kidijitali. Ofisi ya Kamishna ilikuwa imewaandikia waache tangu Mei. Tarehe 2 Agosti Waziri Kithure Kindiki akausimamisha. Kufikia hapo zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wametoa macho yao.

Sasa, utamwita nani? Kampuni iliyokuwa nyuma ya mradi, Tools for Humanity, ni ya Marekani, na ina ofisi Ujerumani. Kamishna wa Nairobi anaweza kuandika barua hadi wino uishe. Mashine ziko kwingine. Hapa ndipo wadhibiti wanapohitajiana. Mamlaka ya jimbo la Bavaria, Ujerumani, ilikuwa imeanza uchunguzi mwaka 2022, na ile ya Ufaransa ikaisaidia. Machi 2024 Uhispania iliamuru kazi isimame, Ureno ikafuata, na Mei Hong Kong nayo ikakataza. Mwezi huo huo wa Mei, wadhibiti wa Afrika walikutana Nairobi. Desemba 2024 Bavaria ikatoa amri kuhusu kufuta data. Na tarehe 5 Mei 2025, katika kesi iliyofikishwa na Katiba Institute, Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema macho ya Wakenya yalikusanywa kinyume cha sheria: hakukuwa na tathmini ya athari, na ridhaa iliyonunuliwa kwa sarafu si ridhaa. Data ifutwe ndani ya siku saba, kamishna akisimamia.

Sisemi Nairobi ilisubiri ruhusa ya Ulaya. Ilisimamisha mapema kuliko wengi. Ninachosema ni kwamba kila mmoja alifunga mlango wake kwa wakati wake, huku kampuni ikiingia kwa mlango wa jirani. Tanzania ina sheria yake ya 2022, Uganda ya 2019, Rwanda ya 2021. Jicho la mtu wa Busia halibadiliki akivuka kwenda Uganda kununua samaki, ila sheria inayolilinda inabadilika.

Baada ya hukumu, binamu alinipigia tena. Zile pesa zilishaisha siku nyingi, kodi ya nyumba na fulana. "Sasa mimi nitajuaje kama yangu yamefutwa?"

Nilimwambia kuna ofisi, ana haki ya kuuliza, na nikamwelekeza jinsi ya kuandika malalamiko. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ataandika wikendi.

Nilipomsimulia kukhu, aliinama akavuta sanduku, akatoa kikopo, akakipangusa kwa ncha ya leso. Vidole vya baba yake viliwekwa kwenye karatasi Nairobi. Hakuna aliyewahi kumrudishia. Akakirudisha, akafunga kufuli.

"Hiki angalau najua kiko wapi," akasema.