Kipimo cha Doppler cha mishipa ya ubongo

Kipimo cha Doppler cha mishipa ya ubongo ni njia ya kupima kasi ya damu katika ateri kubwa za ubongo kwa mawimbi ya sauti yanayopita kwenye fuvu. Mgonjwa hachomwi sindano wala hapigwi mionzi. Tofauti na CT na MRI, kipimo hiki hakionyeshi umbo la ubongo. Kwenye skrini huonekana mchoro wa kasi unaopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo.

Hutumika kufuatilia wagonjwa waliovuja damu kuzunguka ubongo, ambao ateri zao huweza kujikaza siku chache baadaye. Lakini faida yake kubwa zaidi imeonekana kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu (siko seli), kwa kuwa huwatambua walio hatarini kabla hawajapata kiharusi.

Jinsi kinavyofanya kazi

Mpimaji hupaka jeli kwenye panja, mahali ambapo mfupa ni mwembamba, kisha huelekeza hapo kifaa chenye mawimbi ya takriban megahezi 2. Mawimbi yakigonga chembe nyekundu zinazotembea, hurudi yakiwa na idadi tofauti ya mitetemo kwa sekunde. Badiliko hilo, lililoelezwa na Christian Doppler wa Austria mwaka 1842, ndilo hutumika kukokotoa kasi.

Ateri ikiwa imebanwa, damu hupita kwa kasi kubwa zaidi, kama maji yanavyoruka mtu akibana mdomo wa mpira. Upungufu wa damu pia huongeza kasi.

Mwaka 1982 Rune Aaslid, mtafiti kutoka Norwei, pamoja na wenzake walionyesha kwamba ateri za ndani ya fuvu zinaweza kupimwa kwa njia hii.

Kipimo na selimundu

Kwa watoto hawa, wastani wa kasi ulio chini ya sentimita 170 kwa sekunde huhesabiwa kuwa wa kawaida. Kuanzia 200, hatari ya kiharusi ni kubwa.

Utafiti wa STOP nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulihusisha watoto 130 wenye kasi ya namna hiyo. Kati ya waliotiwa damu mara kwa mara, mmoja tu alipata kiharusi; kati ya wengine walikuwa 11. Utafiti ulisimamishwa mapema ili wote wapewe nafasi ya tiba.

Utiaji damu wa kila mwezi ni mgumu pale ambapo akiba ya damu ni ndogo, na kumpima mtoto bila kuwa na tiba ya kumpa hakumsaidii. Kwa sababu hiyo dawa ya haidroksiyurea imechunguzwa Afrika, ikiwemo Nigeria na katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Nchini Nigeria watoto 220 walipewa miligramu 10 au 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na idadi ya viharusi haikutofautiana kati ya makundi hayo mawili.

Mipaka

Matokeo hutegemea sana ustadi wa mpimaji. Mtoto anapaswa kuwa macho na mtulivu: kulia hupunguza kasi ya damu, usingizi na homa huiongeza. Kwa baadhi ya watu, hasa wanawake wazee, mfupa wa panja ni mnene mno na sauti haipiti.