Kutoka Behewa hadi Kihenge: Historia ya Dhana Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowasumbua wafasiri wetu ni ile ya mahali pa kuwekea data kwa muda mfupi, ambayo wengi huiita bafa. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana hiyo ilikotoka, ili tupate kuona ni jina gani linalofaa katika programu za kurekodi video.

Neno hili lilienea na reli za Uingereza katika karne ya 19, kwa maana ya chuma chenye springi kinachopunguza kishindo cha mabehewa yanapogongana. Wanakemia nao walilichukua kwa myeyusho unaozuia badiliko kubwa la uasidi. Maana ya tatu ililetwa na kompyuta. UNIVAC I, iliyokabidhiwa kwa idara ya sensa ya Marekani mwaka 1951, ilihesabu upesi kuliko kanda zake za sumaku zilivyoweza kusomwa. Kwa hiyo iliwekewa mahali pa kupokelea data katikati. Hapo hapana kishindo. Pana tofauti ya mwendo.

Dhana hii si ngeni kwetu. Huko Haneti, wilayani Chamwino, kama kwingineko katika uwanda wa kati, mvua hunyesha msimu mmoja tu, lakini watu hula mwaka mzima. Mavuno ya mara moja huunganishwa na mlo wa kila siku kwa kihenge cha mtama au uwele, na ukubwa wake hupimwa kwa urefu wa kiangazi.

Kurekodi video ni mfano huohuo uliogeuzwa: kinachoingia hakibadiliki mwendo, kinachopokea ndicho husitasita. Katika mfumo wa PAL picha huingia 25 kwa sekunde. Picha moja isiyobanwa ya nukta 720 kwa 576, yenye baiti 2 kwa kila nukta, ni baiti 829,440. Kwa sekunde moja ni takriban megabaiti 20.7. Tuseme mtendaji wa kijiji cha Haneti anarekodi mkutano kwa namna hiyo, naye ametenga megabaiti 32. Amejipatia nafasi ya sekunde moja na nusu tu. Diski ikisita zaidi ya hapo, picha hupotea, na kumbukumbu ya mkutano huwa na pengo. Akitenga nafasi kubwa kupita kiasi, programu nyingine hubanwa. Na umeme ukikatika, yote ambayo hayajaandikwa diskini hutoweka.

Basi tukimpa mtu huyo jina lenye maana ya kizuia kishindo, hatajua aongeze nini wala apunguze nini. Tukimpa jina la akiba, atadhani mali yake i salama, kwani wahenga walisema akiba haiozi. Kumbe hii hufutika kwa dakika moja. Kihenge ni mfano mwema wa darasani, ila nacho huweka chakula kwa miezi.

Twaonelea hifadhi ya mpito ndilo jina lifaalo, kwa kuwa linataja kazi mbili kwa pamoja: kupokea na kupitisha. Neno bafa waachiwe wanakemia. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, istilahi nyingi zimependekezwa. Zilizodumu ni zile ambazo watumiaji walizielewa kazini. Hatuna budi, basi, kuwaomba walimu na wafasiri wajaribu jina hili mbele ya wanaorekodi, kabla halijaingizwa katika orodha.