Jembe na Kitabu: Swali la Wazazi kwa Miaka Mia Moja

Ibada ilikuwa imekwisha na watu walikuwa chini ya mwembe wakisalimiana. Mama mmoja akanivuta pembeni. Binti yake alikuwa amemaliza darasa la saba. "Mwalimu," akasema, "tunaambiwa siku hizi sekondari kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mwanangu ana miaka 13. Nani anaamua ashike kitabu au ashike cherehani? Na akishashika kimoja, ataruhusiwa kukirudia kile kingine?"

Nilimwambia tutaongea. Nilipofika nyumbani nilitambua kwamba swali lake si geni. Wazazi wa Usukuma, kuanzia Shinyanga hadi Geita, wamekuwa wakiliuliza kwa miaka mia moja. Kabla ya kumjibu mama yule, yafaa tujue wenzake waliotangulia walijibiwa nini.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, pamoja na Tanganyika, kuchunguza elimu ya Waafrika. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mwafrika msomi, James Aggrey wa Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuatane na mazingira yake: kilimo, afya, ufundi na malezi ya nyumba. Mfano wao ulikuwa shule za Hampton na Tuskegee, zilizofundisha watu weusi wa kusini mwa Marekani kazi za mikono.

Ushauri huo ulikuwa na mema yake. Nani atakataa mtoto afundishwe kutunza udongo na kuchemsha maji ya kunywa? Lakini hata kule Marekani, W.E.B. Du Bois, msomi mweusi aliyeheshimika, alimpinga Jones vikali. Hakuwa anadharau kazi. Aliona hatari ya elimu inayopimwa mapema kwa kimo ambacho mtawala anataka mtu mweusi afikie, asikivuke.

Makanisa nayo hayakuwa na mikono safi kabisa. Misheni nyingi ziliona kwamba inatosha mkristo ajue kusoma Biblia kwa lugha yake, ahesabu kidogo, na awe mchapakazi. Kiingereza kilihesabiwa kuwa mlango wa kiburi. Jambo hilo lilionekana wazi kwa jirani zetu wa Kenya. Kule Ukikuyu, mgogoro mkubwa wa mwaka 1929 kuhusu mila ya tohara ya wasichana uliwatenga waumini wengi na misheni. Lakini chini ya mgogoro ule kulikuwa pia na kiu ya shule, na hasa ya Kiingereza. Wazazi wakaanzisha shule zao wenyewe, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri.

Tuutazame ukweli huo kwa makini. Wazazi wale walioshutumiwa kwamba wanakimbia kazi za mikono ndio waliochangishana fedha na kusimamisha madarasa kwa nguvu zao. Jembe walilijua. Walichokataa ni kuambiwa kwamba jembe ndilo fungu lao peke yake.

Hapa kwetu somo kama hilo lilikuja kwa njia ya ardhi. Miti ya Shinyanga ilifyekwa kwa wingi ili kuwaondoa mbung'o na kupanua mashamba, pamba ikaenea, na udongo ukachoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilileta mpango wa maendeleo ya Usukuma: watu waliagizwa kulima kwa matuta, kupunguza ng'ombe, kufuata sheria hii na ile. Mengi yalikuwa na maana kitaalamu, lakini yalikuja kama amri, na watu wakayachukia. Miaka mingi baadaye, mwaka 1986, ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wataalamu wake walijifunza kusikiliza. Walikuta kwamba Wasukuma tangu zamani walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili lije kuwasaidia mifugo wakati wa kiangazi. Wakajenga juu ya ujuzi huo, na maelfu ya hekta zikarudiwa na miti. Ardhi ni ile ile, na kazi ya mikono ni ile ile. Ilikataliwa ilipoamriwa, ikakubaliwa mwenye shamba alipokuwa na neno.

Baada ya Uhuru, swali la masomo lilirudi kwa sauti yetu wenyewe. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alisema ukweli mchungu: takribani watoto 13 tu kati ya 100 waliokuwa shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari, lakini shule nzima ilifundisha kana kwamba wote watakwenda. Akataka kila shule iwe na shamba au karakana, na elimu ya msingi impe mtoto maisha kamili, isiwe ngazi tu ya kupandia. Alitaka pia wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuona faida yake.

Hilo la mwisho ndilo lililopotea njiani. Katika shule nyingi shamba lilibaki, mafunzo yakaondoka. Watoto walipalilia pamba na mahindi bila kuelezwa habari za mbegu, mbolea wala bei. Wazazi wakanung'unika kwamba kulima mtoto angejifunza nyumbani. Kanisa nalo halikuwa na nafasi kubwa ya kusema, kwa kuwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilikuwa imeziweka shule za mashirika ya dini zilizopata ruzuku chini ya serikali. Katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Mara nyingi mchepuo ulikuwa wa shule uliyopangiwa, hivyo barua ya kupangiwa shule ndiyo iliyomchagulia mtoto.

Tangu hapo upepo umegeuka mara nyingi. Katika miaka ya 2000 Fizikia na Kemia ziliunganishwa kuwa somo moja, halafu baada ya malalamiko zikatenganishwa tena. Kisha Rais Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, na wazazi wakachangishwa. Kuku waliuzwa, mawe yakasombwa. Penye mwalimu wa sayansi, majengo yale yakawa baraka. Pasipo na mwalimu, yakawa kuta tu.

Na sasa tuko kwenye zamu nyingine. Sera ya elimu toleo la 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari, na imefungua mikondo miwili: jumla na amali. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, miaka mia moja kamili tangu mwaka wa tume ile ya Marekani.

Mimi sipingi amali. Mwadui wamechimba almasi tangu mwaka 1940. Geita wamechimba dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Migodi hii inahitaji mafundi umeme, wachomeleaji na makanika, na kijana wa Nyarugusu au Kakola mwenye ufundi ulioiva hana sababu ya kuwaona waliosoma vitabu kuwa wakubwa wake. Fungua Kutoka 31 uone: Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu apate ujuzi wa kufanya kazi za dhahabu, fedha na shaba. Fundi wa dhahabu amepata heshima yake katika Maandiko.

Lakini eneo letu linatufundisha pia kwa nini mkono usiachwe bila kitabu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Watoto walishuka kwenye maduara, waliponda mawe, na walishika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki ikichomwa hutoa mvuke, na mvuke huo huharibu ubongo na figo. Mtoto anayechenjua dhahabu bila kuijua Kemia anakuwa na ustadi wa kazi inayomuua polepole. Asipojua hesabu, mgao wa duara utampita. Asipoweza kusoma mkataba, ataweka dole gumba mahali asipopaelewa.

Kwa binti hatari ni kubwa zaidi. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Shinyanga, kati ya wanawake 100 wenye miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Katika mazingira hayo, "mfundishe cherehani" inaweza kuwa njia ya mtoto kujitegemea. Inaweza pia kuwa kauli ya upole ya kumtoa shuleni. Maneno ni yale yale. Tofauti ni nani ameyasema, na kama binti mwenyewe ameulizwa.

Basi historia inampa mama yule jibu gani? Haimwambii kwamba kitabu ni bora kuliko jembe, wala jembe kuliko kitabu. Inamwambia atazame mambo matatu. Kwanza, je, masomo haya wanapewa watoto wote, au ufundi ni wa watoto wa wakulima na Fizikia ni ya watoto wa wakubwa? Pili, je, kuna mwalimu na vifaa, au ni jina tu kwenye ratiba? Tatu, je, mlango uko wazi, mtoto wa miaka 13 akikosea au akikua aweze kurudi? Maswali hayo ayapeleke kwenye kikao cha wazazi, na sisi wazee wa kanisa tusimwache ayapeleke peke yake. Tulikaa kimya mara nyingi mno.

Luka anatusimulia juu ya mtoto mmoja wa nyumba ya seremala. Alipokuwa na umri wa miaka 12 walimkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali, nao wakastaajabia akili zake. Kisha akarudi Nazareti, na watu wa kwao walimjua kama seremala. Hakuna aliyemwambia kwamba randa na maandiko haviwezi kukaa katika nyumba moja.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta mama yule nikamwambia hayo. Akatikisa kichwa akasema, "Basi Alhamisi kuna kikao shuleni. Tutakwenda wote."

Tulikwenda.