Fasihi na Mistari ya Ratiba

Mwalimu mwenzangu, itazame upya ratiba iliyobandikwa katika chumba chenu cha walimu. Mistari ile ina historia.

Itakumbukwa kwamba Tume ya Mackay ilipendekeza mwaka 1981 Kiswahili kiwe somo la lazima. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, pendekezo hilo likatekelezwa, na mwaka 1989 watahiniwa wa kwanza wa KCSE wakakifanya Kiswahili wote. Kabla ya hapo, mwanafunzi wa sekondari angeweza kuhitimu bila kutahiniwa katika lugha hii. Marekebisho ya silabasi ya mwaka 2002 yalipunguza masomo na kuhimiza lugha na fasihi zifundishwe kwa pamoja. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, kwenye ratiba neno 'fasihi' halikuonekana tena. Liliandikwa 'Kiswahili' tu, dakika 40.

Chukua tamthilia, mathalani Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia. Hadi vitabu vitolewe, wahusika wagawiwe wanafunzi na kicheko kitulie, robo ya kipindi imeyoyoma. Onyesho likianza kunoga, kengele! Kemia hupewa vipindi viwili mfululizo kwa sababu ya maabara. Je, tamthilia haina maabara yake?

Shuleni kwetu tuliunganisha vipindi viwili kwa ajili ya fasihi. Mwenzetu wa kemia alinuna muhula mzima, kwani tulimsogeza hadi baada ya chakula cha mchana. (Nakiri hata mimi ningenuna.) Tulipata hasara pia: darasa moja lilikaa siku mbili bila Kiswahili, na sarufi ikasahaulika. Lakini onyesho zima lilisomwa kwa sauti, likajadiliwa papo hapo, na wanafunzi wakaacha kutegemea miongozo.

Kuiba saa za alfajiri si suluhisho. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa unusu alasiri. Nafasi sharti ipatikane humo humo.

Januari 2026 Gredi ya 10 iliingia, ikasoma pamoja na kidato cha tatu na cha nne. Ratiba zikafutwa na kuchorwa upya. Naibu wa mwalimu mkuu anaposhika kalamu, mwalimu wa fasihi awe karibu na meza ile.